Mababu Waliohama Tinde

Tinde ni mahali ambapo njia hugawanyika. Msafiri atokaye Nzega akifika hapo hana budi kuchagua: akishika mkono wa kuume atafika Shinyanga na Mwanza, na akishika wa kushoto atapita Isaka na Kahama, hata mipaka ya Rwanda na Burundi. Malori hayakomi mchana wala usiku. Wengi wapita Tinde, bali ni wachache wasimamao kuuliza ni akina nani waliokaa hapo zamani, na ni akina nani waliotoka.

Sisi tulisimama kwa sababu ya barua. Mwalimu mmoja wa upande wa Geita alituandikia kwamba kijana wake ataka kuoa, na binti amtakaye ni Mkristo mwema wa kanisa lile lile. Lakini wazee wa binti walipouliza ukoo wa kijana, walisikia ukatajwa ukoo wao wenyewe. Baba yake mwalimu alitoka Tinde, na babu yake binti alitoka Tinde vile vile. Wazee wakasema hawawezi kumwoza mtu dada yake. Tangazo la ndoa likazuiliwa, na mwalimu akatusihi tuende Tinde tukatafute kama ni ndugu kweli au sivyo.

Yafaa kwanza msomaji ajue jinsi watu wa Tinde walivyofika Geita. Geita ni katika nchi ya Wazinza, na zamani sehemu kubwa yake ilikuwa pori lenye mbung'o, ambamo ng'ombe hawakuweza kuishi. Huku Shinyanga watu na mifugo walizidi, na udongo ukachoka. Mwaka 1947 serikali ya Kiingereza ilianza mpango wake wa maendeleo ya Usukuma, na mojawapo ya mashauri yake lilikuwa kuufyeka msitu wa Geita na kuwahamishia huko watu wa nchi zilizojaa. Kazi ya kufyeka pori ili kumfukuza mbung'o haikuwa ngeni kwa watu wa Shinyanga. Tangu miaka ya 1920 waliifanya wenyewe kwa maelfu, wakiongozwa na watemi wao, pamoja na Bwana Swynnerton aliyekuwa akichunguza habari za mdudu huyo. Basi walichukua mashoka, majembe, mbegu za mtama na pamba, na ng'ombe wao, wakaenda ng'weli, ndiyo magharibi. Wengine walifuata dhahabu ya Geita, iliyokuwa ikichimbwa tangu miaka ya 1930. Wazinza waliwapokea, lakini tusisahau kwamba nchi ilikuwa na wenyewe.

Habari kama hizi ziko kwa mataifa mengine pia. Huko Marekani, mwaka 1862, Rais Lincoln alitia sahihi sheria ya kuwapa wakulima ekari 160 kila mmoja katika nchi za magharibi, kwa sharti la kukaa humo miaka mitano, kujenga nyumba na kulima. Jamaa nyingi zilikwenda na magari yakokotwayo na maksai, wakajenga nyumba za matofali ya udongo wenye majani, kwa kuwa miti ilikuwa haba. Mwaka 1874 nzige waliwala mazao mpaka yakaisha. Nao pia hawakuingia katika nchi tupu, maana wenyeji wa asili walikuwa wamesukumwa kando.

Leo wajukuu wao wakitafuta habari za jamaa hizo, waenda kwenye karatasi. Mtu alipotaka hati ya shamba lake alileta mashahidi wawili waliomjua, wakaeleza nyumba yake ni ya namna gani, amelima ekari ngapi, ana watoto wangapi. Nayo majibu yao yamehifadhiwa. Tena watu huhesabiwa kila miaka kumi tangu 1790. Walakini hata karatasi ina upofu wake. Mpaka hesabu ya mwaka 1850 lilikuwa likiandikwa jina la mkuu wa nyumba tu. Mkewe na wanawe walikuwa tarakimu. Na watumwa, mwaka huo wa 1850 na tena 1860, waliandikwa kwa umri na jinsia chini ya jina la bwana wao, pasipo majina. Mwanamke aliyezaa watoto kumi na kuwazika watatu njiani amebaki alama moja katika mstari.

Kwetu Tinde karatasi ni chache zaidi. Vitabu vya ubatizo vyasaidia, lakini vyaanza pale tu ambapo mtu alibatizwa, na mara nyingi vyatuachia Yohana wengi kuliko tuwezavyo kuwatenga. Kwa hiyo tuliuliza kwanza habari za matongo, yaani mahali palipokuwa na kaya zamani. Katikati ya miaka ya 1970 watu walihamishwa wakakusanywa vijijini, na kaya za kale zikaachwa. Lakini ua wa minyaa haufi upesi. Mzee mmoja alituongoza shambani akatuonyesha duara ya minyaa iliyokwisha kuwa miti mikubwa, na ndani yake ardhi nyeusi kuliko ya kandokando, kwa sababu ya samadi ya miaka mingi. Hapo palikuwa zizi, naye mwenye kaya alizikwa zizini, kama ilivyokuwa desturi. Mzee akasema, "Hii ndiyo kaya yao wote wawili." Tukaona shauri limekwisha, tena vibaya: wametoka ua mmoja.

Lakini mzee hakuwa amemaliza. Akatuuliza, "Ng'ombe je?"

Hapo ndipo penye mafundisho kwa mtu atafutaye ukoo katika Usukuma. Mtu wa mbali huuliza, "Baba yake ni nani?" Msukuma wa zamani huuliza kama ng'ombe wa mahari walitolewa. Mwanamke akiolewa kwa ng'ombe, ndoa iliyoitwa kukwa, watoto ni wa mume na ukoo wa mume. Ng'ombe wasipotolewa, ndiyo butende, watoto ni wa baba yake mwanamke. Hukaa kwake, hurithi kwake, na wakiulizwa ukoo hutaja wake. Kwa hiyo hesabu ya ng'ombe ndiyo kitabu cha ukoo, na wazee waliikariri kwa bidii kama sisi tukaririvyo sura za Maandiko: ng'ombe wangapi, dume wangapi, wametoka zizi la nani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilipita nchi hizi ikaua ng'ombe bila kiasi. Mzee alisema, kama alivyosikia kwa bibi yake, kwamba siku zile binti mmoja wa kaya ile alichumbiwa na kijana wa upande wa Nzega, na zizi la babaye kijana likabaki mifupa. Mahari haikuletwa. Kijana akaenda pwani pamoja na wapagazi, na hakuna aliyesema kwamba alirudi. Binti akazaa mtoto wa kiume nyumbani kwa baba yake, naye mtoto akakua pamoja na wana wa mjomba wake. Mjukuu wa mwanamke huyo ndiye baba yake mwalimu wetu. Mjukuu wa kaka yake ndiye babu yake binti anayechumbiwa.

Basi ni ndugu au si ndugu? Kwa ng'ombe ni ukoo mmoja kabisa. Kwa damu wakutana kwa wazazi wa yule kaka na yule dada, kizazi cha tano. Tulichukua neno hili kwa njia ya Kahama mpaka Geita, nao wazee wa nyumba zote mbili wakakaa siku mbili. Wengine walisema ua ni mmoja, nao mwiko ni mwiko. Mchungaji aliwasomea sura ya 18 ya Mambo ya Walawi, akawaonyesha kwamba undugu wa mbali hivyo haukatazwi humo. Maneno hayo yaliwatuliza vijana kuliko wazee. Kilichowashinda wazee, kwa maoni yetu, ni swali la ajuza mmoja aliyekuwa kimya siku ya kwanza yote. Aliuliza: ikiwa mtoto yule alihesabiwa wa kwao kwa sababu ng'ombe walikufa kwa tauni, je, ni vema ugonjwa wa ng'ombe uwazuie wajukuu wa wajukuu kuoana? Hakuna aliyemjibu. Jumapili iliyofuata tangazo la kwanza lilisomwa.

Mwalimu alikuwa ameanza kuandika vizazi katika kurasa tupu za mwisho wa Biblia yake, na wanaume alikuwa nao wote. Mahali pa yule mwanamke palikuwa wazi, kwa kuwa huko Tinde walimwita tu "dada yao". Ni ajuza yule yule aliyemtaja kabla hatujaondoka, kwa jina lile wapewalo watoto wa kike wazaliwao mvua ikinyesha. Mwalimu aliliandika kwa wino, na kando yake akaongeza: wa Tinde, ng'ombe wake hawakuletwa.