Maskati: Makazi Mapya katika Nchi ya Mababu

Kwa karne nyingi upepo wa kaskazi ulileta majahazi kutoka Maskati mpaka Unguja, na upepo wa kusi ukayarejesha. Aliyesafiri alijua kuwa msimu ukigeuka atarudi kwao. Lakini baada ya mapinduzi ya Januari 1964, jamaa wengi waliondoka Unguja bila ya kungoja msimu, wala hawakujua watatulia wapi. Wako waliofikia Dubai, wengine Kuwait, Misri na Uingereza. Omani, nchi ya mababu wa wengi wao, ilikuwa bado imejifunga. Hata malango ya mji wa Maskati yalikuwa yakifungwa kila siku saa tatu za usiku.

Tarehe 23 Julai 1970 Sultan Qaboos bin Said alishika ufalme, akawaita Waomani walio ng'ambo warejee. Nchi waliyoikuta ilikuwa na skuli 3 tu, na barabara ya lami kama kilomita 10.

Basi izingatie, ndugu msomaji, hali ya familia iliyoshuka Maskati zama zile. Mbele yao majabali makavu, na juu yake ngome mbili, Jalali na Mirani, zilizojengwa na Wareno katika karne ya 16. Joto la kiangazi lapita digrii 40. Hapana mkarafuu wala mnazi; pana mtende. Na lililo zito kuliko yote ni hili: baba ana kabila na jina la nchi ile ile, lakini akifungua kinywa sokoni Matrah, Kiarabu chake chakwama, na watoto wake hawajui ila Kiswahili. Unguja aliitwa Mwarabu. Huku akaitwa Zinjibari. Amefika kwao, naye ni mgeni.

Je, watu hawa walitulia vipi?

Kwanza, walikuja na elimu. Wengi walikuwa wamesoma na wakijua Kiingereza, na nchi ilikuwa na haja ya walimu, wauguzi, makarani na mafundi wa mafuta. Wanaume kwa wanawake waliingia kazini, na kwa kazi zao wakajulikana.

Pili, iliwabidi wajifunze desturi za mahali. Katika miji ya bara kama Nizwa, maji hupita katika mifereji iitwayo falaji. Mitano kati ya hiyo ilitiwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006. Maji hayo yana utaratibu. Pale yanapotokeza mwanzo huchotwa ya kunywa, kisha hupita msikitini kwa ajili ya udhu, ndipo huenda mashambani, na kila mwenye shamba ana zamu yake. Anayehamia mahali kama hapo hawezi kujifungulia maji apendavyo. Sharti aijue zamu ya jirani kabla ya kuidai yake. Twaona kuwa hilo ni somo la kila mhamiaji, awe Nizwa au London.

Tatu, hawakuutupa ulimi wao. Hata leo Kiswahili chasikika Maskati majumbani na arusini, na mandazi na sambusa hupikwa kama Unguja. Na huko Salala, upande wa kusini, ambako manyunyu hunyesha toka Juni mpaka Septemba, minazi na migomba hustawi, na macho ya mzee wa Kizanzibari hupata kitulizo.

Lakini liko jambo la kuangaliwa. Bibi asema Kiswahili, mama ajibu kwa lugha mbili, na mjukuu ajibu kwa Kiarabu au Kiingereza. Wazazi wengine waliiacha lugha ya nyumbani ili watoto wao wasionekane wageni. Nasi twajua kuwa Kurani, katika Sura ya Ar-Rum, imezitaja tofauti za ndimi na rangi kuwa miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu. Vipi basi tuionee haya ishara yake?

Enyi wazazi mlio ugenini, wafundisheni watoto lugha ya wenyeji, wapate kumjua jirani na kumtimizia haki yake. Kadhalika semeni nao lugha yenu kila siku, wapate kumwelewa bibi yao angali hai. Nanyi vijana, mwulizeni naye atawaeleza mlikotoka. Akiisha kuondoka, hapana skuli itakayowasomesha hayo.

Mwenyezi Mungu awape makazi mema wote waliohama. Amin.