Jina Ambalo Sikulisoma

Mtu akishastaafu hupata nafasi ya kusoma vitabu ambavyo alipokuwa kazini angeviangalia jalada tu na kuvirudisha mezani. Nimefundisha jiografia kwa miaka mingi, na kwa muda mrefu nimekuwa mkuu wa shule, lakini sikumbuki hata mara moja kukisoma kitabu kwa sababu tu mwanafunzi amekisoma akalia. Mwaka jana nilifanya hivyo.

Mjukuu wangu wa kike alikuja kukaa nasi hapa kijijini akisubiri matokeo ya kidato cha sita. Kutwa alikuwa barazani na kitabu chake cha Kiingereza. Siku ya tatu nikamwona anafuta machozi kwa upindo wa kanga ya bibi yake. Nilipomwuliza kuna nini, alijibu, "Hakuna kitu, babu. Ni kitabu tu." Usiku alipolala nikakichukua, nikavaa miwani.

Kitabu chenyewe kinaitwa All the Bright Places. Mwandishi wake ni mama wa Kimarekani, Jennifer Niven, na kilitoka mwaka 2015. Mwaka 2020 kikatengenezewa filamu. Ni hadithi ya mapenzi ya vijana wawili walio katika mwaka wao wa mwisho wa sekondari huko Indiana. Msichana ni Violet, ambaye dada yake, Eleanor, amefariki katika ajali ya gari kabla hata mwaka haujapita. Tangu siku ile hataki kupanda gari, ameacha kuandika, kazi aliyoipenda mno, na anatembea amevaa miwani ya marehemu. Mvulana ni Finch. Huyu hakufiwa na mtu. Ana baba mwenye mkono mwepesi wa kupiga, aliyeihama nyumba akaoa kwingine, na ana ugonjwa wa moyo na akili ambao hakuna aliyeupa jina mapema. Yapo majuma anayokesha kama mlinzi, na yapo majuma anayozama asionekane shuleni. Wenzake wanamwita kichaa.

Wawili hawa wanakutana juu ya mnara wa kengele wa shule, kila mmoja akiwa amepanda na mawazo mabaya. Finch anamtuliza Violet na kumrudisha salama. Lakini habari zinapoenea, shule nzima inaamini kinyume chake, kwamba ni Violet, binti mwema mwenye msiba, aliyemwokoa yule kichaa. Hapo nilikifunga kitabu kidogo, nikakaa kimya.

Mwalimu wao wa jiografia anawapa kazi ya kutembelea sehemu za kuvutia za jimbo lao. Wanaanza na kilima cha Hoosier, mahali pa juu kuliko pote Indiana, chenye mita 383 tu. Nilicheka peke yangu, maana ziwa letu la Viktoria lenyewe limetandaa kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100. Katika safari hizo wanapendana. Violet anapanda gari tena, anaanza kuandika tena, roho inamrudi. Finch naye, aliyempa mwenzake dawa hiyo, anazama kidogo kidogo, na mwishowe anajiua. Mwandishi ameeleza kwamba na yeye aliwahi kumpenda kijana aliyekufa hivyo, na ndiyo maana aliandika.

Asubuhi mjukuu wangu alikikuta kitabu mezani na miwani yangu juu yake. Akachuchumaa karibu nami, akauliza, "Babu, Finch angekuwa mwanafunzi wako, ungemfanyaje?"

Nikamjibu kweli. "Ningemfukuza shule."

Alidhani natania.

Ndugu msomaji, sisi tuliosomea ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970 tulilelewa kuviogopa vitabu vya namna hii. Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi kilitoka mwaka 1971, na kwa muda kikapigwa marufuku mashuleni. Tulikisoma chuoni kwa kificho, tukipeana usiku. Nakumbuka jinsi tulivyomlaani Zakaria, yule baba anayempiga binti yake kwa ajili ya barua ya mvulana. Tulisema sisi tutakapokuwa walimu hatutafanana naye. Maneno ya ujana ni matamu.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia Mwanza, ikitokea Bukoba na Kemondo. Walikufa mamia ya watu, na wengi wao walizikwa Igoma katika makaburi ya pamoja. Wakati huo nilikuwa mkuu wa shule moja ya bweni mkoani Kagera. Hapakuwa na bweni lisilo na kilio. Nilichukua fomu za kujiunga na shule, nikalinganisha majina ya wazazi na majina ya marehemu yaliyotufikia, nikaandika orodha. Kisha nikasimama mstarini mbele ya shule nzima nikaisoma. Wale niliowataja walipewa ruhusa ya kwenda nyumbani, na waliporudi walimu waliambiwa wawavumilie. Nilijiona nimefanya kazi nzuri.

Miongoni mwao alikuwemo msichana wa kidato cha tatu aliyempoteza mama yake. Alikuwa mtulivu, na kila mtu alimhurumia. Darasa lilelile alikuwemo mvulana ambaye jina lake sikulisoma. Kabla ya Mei alikuwa mwanafunzi wa kawaida, hasumbui. Baada ya hapo akaanza kulala darasani, kuruka ukuta wa shule usiku, kupigana bwaloni. Mwalimu wa zamu alimkuta mara mbili ufukweni ameketi peke yake usiku. Nilimchapa viboko, nikamchapa tena. Nilimwambia mbele ya wenzake kwamba wapo wenye misiba ya kweli na hawafanyi anayoyafanya yeye. Hakunijibu neno.

Mwezi wa tisa matroni aliniletea daftari. Lilikuwa la yule msichana na yule mvulana, wakiandikiana zamu kwa zamu, huyu ukurasa huu na huyu unaofuata. Nilisoma ukurasa wa kwanza. Palikuwa na neno "mpenzi". Neno hilo lilinitosha. Msichana nilimwonya, kwa kuwa alikuwa amefiwa. Mvulana nilimpa barua ya kusimamishwa masomo, nami daftari nikalitia katika moto wa jiko la shule. Alibeba sanduku lake akaondoka, wala hakurudi.

Mwaka 2009, karibu na kustaafu kwangu, nilikutana na yule msichana harusini, sasa mama mwenye watoto. Alinisalimia kwa heshima zote, akakaa karibu nami, na baada ya mazungumzo ya huku na huku akasema, "Mwalimu, ulijua kwamba na yeye alifiwa kwenye meli?" Nikamwambia haiwezekani, baba yake alikuwa hai. "Baba yake aliwaacha akiwa mdogo," akasema. "Aliyemlea na kumlipia ada ni mjomba wake, na mjomba alikuwa kwenye ile meli. Daftari lile lote tulikuwa tunaandika habari za mama na mjomba. Yeye ndiye aliyenizuia nisiache shule."

Fomu yetu ilikuwa na mstari mmoja tu wa mzazi. Yeye aliandika jina la baba yake, kama mtoto yeyote angefanya. Mimi niliutafuta msiba kwenye mstari ule, sikuukuta, nikahukumu kwamba haupo. Yule aliyelia kwa utaratibu nilimpa ruhusa. Yule aliyelia kwa kuruka ukuta nilimpa fimbo.

Yule mama alinipa namba ya simu ya mwenzake, ambaye ni fundi seremala huko Geita. Niliihifadhi kwa miaka zaidi ya kumi bila kuipiga. Kila mara nilipata sababu: yamepita, atakuwa amesahau, nisimtoneshe kidonda. Kidonda nilichokuwa nakilinda kilikuwa changu.

Baada ya swali la mjukuu wangu nilipiga. Nilitaja jina langu, kukawa kimya, kisha sauti ya mtu mzima ikasema, "Shikamoo, mwalimu." Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, yote yakanitoka. Nilisema tu kwamba nimejua habari za mjomba, kwamba nilimkosea, naomba anisamehe. Alisema ameshasamehe zamani. Halafu akauliza kitu kimoja, polepole, "Mwalimu, lile daftari bado unalo?"

Ilinibidi nimwambie.

Hakugomba. Alisema, "Haya, mwalimu. Kulikuwa na mambo ya mjomba mle ambayo siku hizi nayasahau." Tukaagana.

Vijana wanaosoma vitabu kama kile cha mjukuu wangu hawafundishwi utovu wa nidhamu, kama tulivyokuwa tukihubiri. Wanatafuta mahali ambapo huzuni yao imeandikwa, kwa kuwa kwenye fomu zetu haimo. Wawili wale wa darasa langu walipokosa kitabu cha namna hiyo walijiandikia chao wenyewe. Mimi, niliyelipwa mshahara wa kuwafundisha kusoma na kuandika, nilisoma ukurasa mmoja nikakichoma.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Ninyi wenzangu mlio bado na chaki mkononi, mtoto akibadilika ghafla, kabla ya kumwita mkorofi mwiteni ofisini mumkalishe kitini, mumwulize ni nani anayemlea na yu hali gani. Swali hilo halichukui dakika tano. Mimi sikuliuliza, na mwanafunzi wangu anaendelea kumsahau mjomba wake.

Matokeo ya mjukuu wangu yametoka, amefaulu, anataka kusomea ualimu. Kitabu chake ameniachia.