Barua kwa mwipwa wangu wa mtaa wa Kenya, Lubumbashi, juu ya pilipili inayonyauka

Likasi, mwezi wa Oktoba

Mama, mwipwa wangu mpendwa,

Nakuita Mama kama siku zote, maana jina ulilopewa ni la mama yangu mzazi, na swali lako lolote nalipokea kwa heshima hiyo. Picha ya pilipili yako nimeiona kwenye simu. Nimeamua kukuandikia kwa kalamu kwa sababu jambo lenyewe ni refu, na nataka barua hii uiweke, uifungue tena siku mmea mwingine utakapokutia wasiwasi.

Nakuomba usiimwagie maji leo. Wala usiongeze ile mbolea ya NPK, wala majivu, wala dawa aliyokushauri jirani. Umesema unaimwagia asubuhi na jioni, na kadiri inavyozidi kulegea ndivyo unavyozidi kuimwagia. Hilo ndilo linalonitia hofu. Jani hulegea pale maji yasipofika juu, na maji yanaweza yasifike juu hata kama mizizi imezama ndani yake. Mizizi inahitaji hewa. Udongo ukijaa maji kwa siku nyingi, hewa yote hutoka, mizizi hukosa pumzi na kuoza, na mzizi uliooza haunywi tena. Mmea wa namna hiyo unakufa kwa kiu huku maji yamejaa miguuni pake. Kwa macho tu huwezi kuutofautisha na ule uliosahauliwa juani, na ndiyo maana wengi wanaua pilipili zao kwa kuzihurumia.

Anza kwa kuangalia saa. Oktoba ndio mwezi wa joto kali kuliko yote hapo Lubumbashi. Mchana hupita nyuzi 30, hewa ni kavu, na mvua yenyewe hushika hasa Novemba. Saa saba au saa nane mchana pilipili nzima kabisa inaweza kulegeza majani, maana inapoteza maji kwa kasi kuliko mizizi inavyoweza kuvuta. Hayo si maradhi. Amka mapema, uitazame kabla jua halijachomoza. Kama imesimama vizuri, kilichohitajika ni kivuli cha mchana tu. Kama bado imelala alfajiri, baada ya usiku mzima wa baridi, basi shida iko kwenye udongo, kwenye mizizi au ndani ya shina, na itabidi uitafute huko.

Kisha tia kidole kwenye udongo, kizame hadi kiungo cha pili. Juu panaweza kuwa pakavu huku chini ni tope. Baada ya hapo inua ndoo uliyopandia. Ndoo yenye udongo mkavu ni nyepesi kiasi cha kukushangaza, na yenye maji mengi inakuvuta mkono. Ukizoea kuinua namna hii hutahitaji tena kuuliza mtu siku gani ya kumwagia.

Ukikuta udongo ni mkavu kweli, umejikunja na kuachana na ukingo wa ndoo, usimimine maji kwa juu. Yatapita pembeni na kutoka chini bila kulowesha kitu. Tumbukiza chombo chote ndani ya beseni la maji, vipovu vitoke hadi viishe, halafu kitoe kichuruzike. Jioni hiyohiyo majani yatakuwa yameanza kusimama.

Lakini kwa picha niliyoona sidhani kama ni hivyo. Ndoo yako ni ile ya rangi, nyeusi, imeegemea mabati, na sikuona hata tundu moja. Ukingoni kuna ukoko mweupe: hizo ni chumvi za mbolea zilizopanda juu baada ya maji kukauka, na chumvi zikizidi kwenye udongo huzuia mizizi kuvuta maji. Majani ya chini yamegeuka manjano. Nafikiri mizizi imeoza, ila nataka uthibitishe kwa macho yako.

Tandika gunia kivulini, laza ndoo ubavuni, uigonge pande zote, kisha uvute mmea pamoja na udongo wake huku umeshika shina karibu na chini. Kung'uta polepole. Mzizi mzima ni mweupe au rangi ya maziwa yaliyochujuka, ni mgumu kidogo, na una vijizizi vingi vyembamba. Mzizi uliooza ni wa kahawia au mweusi, laini. Ubane kwa vidole viwili na kuuvuta: ganda la nje litavuka na kubaki mkononi, na ndani utaona uzi mwembamba tu. Nusa pia. Udongo mzima unanuka mvua. Uliooza unanuka kinamasi. Ukiona vinundu vinundu vilivyofura juu ya mizizi yenyewe, hao ni minyoo fundo. Udongo huo usiutumie tena kwa pilipili.

Kama angalau theluthi moja ya mizizi bado ni mizima, mmea unaokoleka. Chukua wembe au mkasi uliooshwa kwa maji ya moto, kata kila kilichooza hadi ufike palipo peupe, suuza kwa maji safi. Halafu punguza na juu: ondoa maua yote, matunda yote, na karibu theluthi ya matawi. Najua utaumia kukata pilipili ambazo zimeanza kuwa nyekundu, lakini mizizi michache haiwezi kubeba majani mengi na matunda kwa wakati mmoja. Zile zilizoiva zipeleke jikoni, utazila na sombe na bukari.

Sasa nije kwenye udongo, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa wewe unaishi Lubumbashi na mji huo una udongo wa aina yake. Umeniambia ulichota kwa rafiki yako kule Penga Penga. Mama, usichote tena huko. Kiwanda cha kuyeyushia shaba cha Lubumbashi kilianza kutoa shaba mwaka 1911, wakati mji ungali ukiitwa Elisabethville, na kwa miaka mingi moshi wake ulipeperushwa na upepo unaotoka kusini-mashariki ukaangukia upande wa kaskazini-magharibi, na Penga Penga iko kwenye njia hiyo. Watafiti wa kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima udongo wa huko na kukuta shaba nyingi, pamoja na kobalti, zinki, risasi na kadmiamu. Wamejaribu hata kupanda nyasi zinazovumilia shaba, zile ziitwazo Microchloa altera, ili ardhi iliyobaki uchi ipate kufunikwa.

Mmea wa kawaida haustahimili udongo wa namna hiyo. Shaba ikizidi, mizizi inabaki mifupi na minene, inageuka kahawia nchani, haitoi vijizizi. Na majani machanga ya juu yanapauka katikati ya mishipa kwa sababu mmea unashindwa kupata chuma. Hiyo ndiyo alama ya kuangalia: umanjano wa maji mengi huanza na majani ya chini, umanjano wa shaba huanza juu, kwenye yale machanga. Katanga kuna maua yanayopenda ardhi ya shaba, Haumaniastrum katangense, yaliyosaidia watu kujua madini yalipo. Ukiona mahali maua hayo yamestawi na hakuna miti, usichote udongo wa kupandia chakula hapo. Na lipo la afya: mboga za majani kama lengalenga huvuta madini hayo zaidi kuliko tunda la pilipili, lakini vumbi la udongo huo linashika kila kitu, na watoto wa parsela, hapo uani, wanachezea udongo huohuo kwa mikono. Udongo wa zamani wa ndoo umwage mbali, usiumwage uani.

Udongo mzuri tunao, nao ni wa vichuguu. Hivi vilima vikubwa vya mchwa unavyoviona ukitoka nje ya mji, vinavyopita kimo cha nyumba, ndivyo watu wanavyofyatulia matofali, na wakulima wetu wanajua kwamba mahindi na mboga hustawi juu yake. Udongo mwekundu unaovizunguka una asidi. Wa kichuguu una asidi ndogo kuliko huo na chokaa nyingi. Tatizo lake ni kwamba ni wa mfinyanzi: ukiujaza peke yake ndani ya ndoo utashikana na kuwa tofali. Changanya sehemu moja ya kichuguu, sehemu moja ya mboji au samadi iliyooza hadi haina harufu, na sehemu moja ya mchanga mnene. Mchanga huo usiuchote kwenye mto Lubumbashi jirani na lile lundo jeusi la mabaki ya shaba. Ukikosa mchanga safi, ponda makaa yaliyobaki chini ya gunia, vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Yanaacha nafasi za hewa vizuri sana.

Ndoo toboa chini kwa msumari uliopashwa moto, matundu sita au saba, na mengine pembeni karibu na kitako. Iinue juu ya mawe matatu ili maji yatoke kweli. Ipake chokaa kwa nje au uizungushie gunia, maana plastiki nyeusi ikiegemea mabati ya Oktoba inapika mizizi. Ihamishie upande wa mashariki wa nyumba, ipate jua la asubuhi na kivuli kuanzia saa sita.

Ukishapanda upya, mwagia mara moja hadi maji yatoke chini, kisha acha. Usirudie mpaka kidole kitoke kikavu. Majani mengi yatadondoka wiki ya kwanza, usitishike. Kwaruza gome la shina kwa ukucha: chini yake kukiwa kibichi, mmea uko hai, na vichipukizi vitatokea pembeni ya vishina vya majani ya zamani. Mbolea ngoja mwezi mzima, na hapo uweke nusu kijiko cha chai katika lita 5 za maji. Vidukari wakitokea chini ya majani machanga, waoshe kwa maji ya sabuni kidogo jioni. Hao hawakunyausha pilipili yako.

Limebaki moja ambalo naomba lisiwe lako. Ukitoa mmea ukakuta mizizi ni myeupe na mizuri, udongo haujajaa maji wala haujakauka, na majani yamelala ghafla yakiwa bado ya kijani, huo unaweza kuwa mnyauko bakteria. Jaribio lake linaua mmea, kwa hiyo lifanye mwisho kabisa. Kata shina karibu na udongo, chukua kipande kirefu kama kidole, kining'inize ndani ya glasi ya maji masafi, ncha iguse maji tu. Kaa ukitazama bila kutikisa meza. Kama ni ugonjwa huo, baada ya dakika chache utaona nyuzi nyeupe zikishuka polepole kutoka kwenye mkato, kama moshi unaoelekea chini. Hizo ni bakteria zenyewe, kwa mamilioni. Dawa yake hakuna, na anayekuuzia dawa sokoni anakudanganya. Choma mmea wote, udongo usiumwage karibu na bustani ya mtu, osha ndoo na kisu. Na usipande hapo nyanya, biringanya, viazi mviringo wala tumbaku, maana zote ni jamaa wa pilipili na ugonjwa huo unazishika zote.

Pilipili si mmea wa msimu mmoja pale inapotunzwa. Ikivuka Oktoba hii itapata mvua hadi Aprili, na ikikingwa na baridi ya Juni na Julai, maana usiku wa miezi hiyo hapo kwenu hushuka chini ya nyuzi 10, inaweza kukuzalia miaka kadhaa. Ndiyo sababu nimeandika yote haya kwa ajili ya mche mmoja.

Msalimie mama yako na wote wa parsela. Fanya kazi hiyo jioni, jua likishapoa, na ukishautoa mzizi nje niandikie mara moja uniambie rangi yake na harufu yake, pamoja na majani yaliyotangulia kugeuka manjano, kama ni ya juu au ya chini.

Mjomba wako