Mitutu miwili ya babu

Msomaji wangu, leo tuziweke siasa kando. Nataka kuzungumzia bunduki, na kabla hujashtuka ngoja nifafanue. Sisemi bunduki za vita wala bastola za kiunoni. Nasema zile shotigani za zamani zenye mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, zinazokunjika katikati, ambazo wazee walitembea nazo porini kusaka kwale na kanga. Nazipenda. Ni msichana, mwandishi wa habari, naishi Dar ghorofa ya tatu, sijawahi kumiliki hata manati, lakini ukinipa katalogi ya mnada wa shotigani hizo, mchuzi utaungua jikoni na sitasikia harufu.

Kinachonifanya niandike leo ni kwamba ukoo wetu unagombana kwa ajili ya moja ya hizo.

Babu mzaa baba alikuwa karani kwenye shamba la mkonge huko Korogwe. Meneja wake, Mwingereza, alikuwa na shotigani namba 12 aina ya Webley & Scott, kazi ya Birmingham. Lilipokuja Azimio la Arusha mwaka 1967 na serikali ikataifisha sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge, meneja alifunga masanduku akarudi kwao. Bunduki alimuuzia babu, na taratibu za leseni wakazimaliza pamoja kituoni. Shangazi anakumbuka kwamba miaka mitano na ushei, kuanzia 1973 hadi 1978, uwindaji ulipopigwa marufuku nchi nzima, bunduki ile haikutoka nje. Lakini kila Jumapili babu aliitoa kabatini, akaipaka mafuta, akaikunja na kuikunjua, akairudisha. Shangazi anasema ilikuwa kama anamsalimia mgonjwa.

Mimi niliikuta babu akiwa mzee tayari. Kazi yangu ilikuwa kubeba kanga.

Sasa kwa nini mitutu miwili? Wenzangu wengi wa mjini wanadhani ni ushamba tu, kwamba watu walikuwa hawajajua kutengeneza bunduki ya risasi nyingi. Si hivyo. Kwale hakai kwenye tawi akakusubiri. Anajibanza kwenye nyasi mpaka unakaribia kumkanyaga, halafu anapuruka kwa kishindo, na mara nyingi hayuko peke yake. Una sekunde mbili au tatu. Bunduki ya namna hii ina vifyatulio viwili, kila mtutu na chake. Kwa kawaida cha mbele ni cha mtutu wa kulia, ambao mdomo wake umeachwa wazi zaidi ili marisau yatawanyike haraka kwa ndege aliye karibu. Cha nyuma ni cha mtutu wa kushoto, ambao mdomo wake umebanwa kidogo ili marisau yaende pamoja mpaka mbali, maana ndege wa pili atakuwa ameshakimbia. Kidole kinasogea kidogo tu na umeshachagua. Hakuna bunduki ya kisasa ya mtutu mmoja inayokupa uchaguzi huo kwa kasi hiyo. Halafu ni nyepesi, kilo tatu hivi, na ukiikunja kila mtu anaona kama ina risasi au haina. Babu alikuwa haruki mtaro wala hapandi tuta kabla hajaikunja.

Na hiyo "namba 12" inatoka wapi? Hili hunifurahisha kila nikilieleza. Chukua ratili moja ya risasi, yaani ile madini yenyewe. Igawe mafungu 12 sawasawa, kila fungu ulifinyange liwe gololi. Upana wa gololi moja ndio upana wa mtutu, kama milimita 18 na nusu. Ukigawa mafungu 20, gololi zinakuwa ndogo zaidi, kwa hiyo namba 20 ni nyembamba kuliko namba 12. Ndiyo maana wauzaji huwachanganya wateja wapya.

Ufundi ulio ndani ya bunduki ya babu ni wa mwaka 1875. Watu wawili wa kampuni ya Westley Richards, William Anson na John Deeley, walibuni mfumo ambao nyundo zimefichwa ndani, na ukiikunja bunduki kuweka risasi, mitutu yenyewe inapoinama ndiyo inayozivuta nyundo zikae tayari. Vipande vichache, kazi nyingi. Karibu dunia nzima iliwaiga.

Walioipenda sana aina hii baada ya Waingereza ni Wamarekani, kwa sababu ya kware wao aitwaye bobwhite, ambaye jina lake ni mlio wake. Zao nimeziona kwenye picha tu, lakini ninazo ninazozipenda. Ya kwanza ni Fox ya Philadelphia. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, akiwa ametoka tu kwenye urais, alishuka Mombasa na Fox namba 12 aliyopewa zawadi na mwenye kiwanda, Ansley Fox. Nyuma yake wapagazi zaidi ya 200. Alizunguka nayo Kenya, Uganda mpaka Sudan, na kwenye kitabu chake cha safari ile aliimwagia sifa ambazo mwenye kiwanda asingeweza kuzinunua. Mwaka 2010 bunduki hiyo ilipigwa mnada Marekani kwa dola 862,500. Kwa hela yetu ya leo ni zaidi ya shilingi bilioni mbili. Wengi wa wapagazi hao hatuna hata majina yao, lakini hayo tuyaache, nitakasirika bure.

Ya pili ni L.C. Smith, na hii naipenda kwa sababu za kikazi. Lyman Smith alikuwa akitengeneza shotigani Syracuse, New York, miaka ya 1880. Fundi wake Alexander Brown, aliyebuni namna mitutu inavyojifunga, ndiye pia aliyebuni taipureta ya Smith. Smith akaona biashara iko huko, akawauzia wengine kiwanda cha bunduki na kuhamia kwenye taipureta. Jina lake ndilo lililokuja kuwa nusu ya Smith-Corona, mashine zilizopigapiga kelele kwenye vyumba vya habari duniani kabla kompyuta hazijafika. Yaani mtu mmoja alimtengenezea babu wa mtu bunduki na bosi wa bosi wangu taipureta.

Ya tatu Parker, ya Meriden, Connecticut. Zilitengenezwa kama 240,000, Remington wakakinunua kiwanda mwaka 1934, na Vita Kuu ya Pili ikazimaliza. Ni nzuri, zinaheshimiwa, lakini mimi hainipandishi mori. Imekaa kama bwana harusi.

Jambo linalonisumbua kuhusu hizo za Marekani ni hili. Tangu miaka ya 1960 bobwhite wamepungua vibaya sana. Hawakumalizwa na Parker wala Fox. Walimalizwa zaidi na mashamba makubwa yasiyoacha kichaka, misitu ya mbao iliyobanana, na watu kuacha kuchoma nyasi kwa mpangilio kama zamani. Bunduki zimebaki, ndege hawapo. Kwa hiyo nyingi sasa zimelala kwenye makasha ya chuma, zinahama kutoka tajiri hadi tajiri bila kukanyaga nyasi. Ni mali, kama kiwanja Masaki.

Basi turudi Korogwe. Babu alipofariki, leseni ilikwenda kwa baba mdogo. Sasa baba mdogo ana mtoto wa jicho, hawezi tena, na ameita kikao cha ukoo. Mwenyewe anataka bunduki aichukue mtoto wake, kaka yangu wa Dodoma, mwajiriwa mwenye nyumba na geti. Namheshimu kaka, lakini alishaniambia kwa simu kwamba ataitengenezea kabati la kioo sebuleni ukutani. Nikamuuliza kama anajua upande gani una kifyatulio cha kulia. Akacheka.

Upande wa pili ni binamu yangu, mtoto wa shangazi, anayelima mahindi kijijini kulekule. Huyu alitembea na babu miaka karibu 20. Aliwapurusha kanga, alibeba begi, alisafisha mitutu kwa fimbo na kitambaa, aliweka mafuta. Na katika miaka yote hiyo hakupiga risasi hata moja, kwa sababu leseni haikuwa yake na babu alikuwa na msimamo. Nilikuwepo siku alipoomba apige mara moja tu, kwenye kopo. Babu alisema, "Mjukuu wangu, karatasi haina jina lako." Yakaishia hapo.

Baba mdogo anasema binamu ni wa ukoo wa baba yake, si wetu. Na usidhani shangazi anamtetea mwanawe. Shangazi ndiye anayetaka bunduki isalimishwe polisi iteketezwe. Anasema nyumba yenye bunduki ina mgeni asiyelala. Sina jibu la kumnyamazisha, kwa sababu nimekaa mahakamani nikaandika kesi za watu waliouawa kwa bunduki zenye leseni halali kabisa, mke na mume, ndugu na ndugu, kwa ajili ya mpaka wa shamba. Kwenye kikao alinigeukia mimi: "Wewe si ndiye unayeziandika hizo? Waambie." Niliwaambia. Nilisimulia kesi mbili mpaka mwisho, baba mdogo akainamisha kichwa.

Halafu nikasema yangu. Nilisema kama ni suala la kabati la kioo, naungana na shangazi, tuisalimishe hata kesho. Bunduki ya kutazamwa na wageni ni hatari isiyo na kazi. Lakini kama kuna mtu wa kutembea nayo, ni mmoja tu, na ameshaonyesha kwa miaka 20 kwamba anaweza kukaa na bunduki iliyojaa risasi hatua mbili kutoka mkononi mwake asiiguse. Mtihani gani mwingine mnautaka? Wazee walikaa kimya muda mrefu. Shangazi aliondoka kwenda kupika bila kusema neno. Baba mdogo akasema tumuachie wiki mbili.

Wiki mbili zimeisha jana. Amekubali binamu aanze kuomba, na barua ya serikali ya kijiji imeshapatikana. Huko mbele kuna ngazi nyingine, na polisi wakikataa, itasalimishwa. Hilo tumeliandika na wote tumesaini, shangazi wa kwanza. Hajazungumza na mimi tangu kikao.

Binamu alinipigia usiku. Nilidhani ni furaha, kumbe ana swali. Chini ya mitutu kuna muhuri wa Birmingham unaoonyesha kwamba vyumba vya risasi ni vya inchi mbili na nusu, yaani milimita 65. Risasi zinazouzwa madukani siku hizi nyingi ni za milimita 70. Tatizo ni kwamba ya 70 inaingia bila shida, kwa sababu urefu huo unapimwa ganda likiwa limeshafunguka. Ukipiga, mdomo wa ganda unafungukia kwenye sehemu nyembamba, msukumo unapanda, na chuma cha zamani hakikutengenezwa kwa msukumo huo. Babu alikuwa na akiba yake ya 65. Binamu ameihesabu kwenye begi: zimebaki 11, makaratasi yake yameshavimba kwa unyevu. Anauliza Dar zinapatikana wapi. Nimeshauliza maduka mawili, wote wananionyesha za 70 na kuniambia, "Dada, hizi zinaingia."