Limuru: Ziba Ufa, Lakini Usizibe Pumzi

Ukitaka kuijua baridi ya Kenya, msomaji mpenzi, si lazima uupande Mlima Kenya. Abiri matatu jijini Nairobi mwezi wa Julai, upitie Banana na Tigoni hadi Limuru. Safari ni ya kilomita 30 hivi tu, lakini ukiteremka utajuta kuliacha koti nyumbani.

Sababu ni mwinuko. Nairobi iko yapata mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ilhali Limuru hupita mita 2,200. Kwa kawaida, kila unapopanda mita 1,000 hewa hupoteza nyuzi sita hivi za joto. Aidha, ukungu hulala juu ya mashamba asubuhi. Mmea wa chai, ambao ulipandwa hapa kwa mara ya kwanza nchini mwaka 1903, huipenda hali hii. Anayetetemeka ni binadamu.

Hebu zitazame nyumba za zamani vijijini. Nyingi ni za mbao na mabati, bila dari. Joto la jiko hupanda juu, likagusa bati na kupotelea nje upesi. Alfajiri, mvuke wa pumzi za waliolala hugeuka matone chini ya bati na kuwadondokea kitandani. Upepo nao huingilia chini ya mlango na kati ya mbao zilizokauka na kuachana.

Kuongeza makaa katika nyumba kama hiyo ni sawa na kujaza maji katika debe lililotoboka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa, usipoziba ufa utanunua makaa.

Tangu zamani, watu wa sehemu za baridi wamebandika magazeti kwenye kuta za mbao kwa gundi ya unga wa ngano. Gazeti likishasomwa, huzuia upepo! Dari, hata ya mbao nyembamba, husaidia zaidi kwa kuwa hewa iliyotulia kati yake na bati haipitishi joto kwa urahisi. Hiyo ndiyo siri ya blanketi pia.

Nawe uishiye mtaani Nairobi waweza kuanza leo. Usiku wa upepo, lowesha mgongo wa mkono uupitishe kandokando ya mlango na madirisha; utakapohisi baridi, hapo ndipo penye mwanya. Shona mfuko mrefu wa kitambaa, ujaze matambara, uulaze chini ya mlango. Bandika utepe wa sponji kwenye fremu ya dirisha, na ufunge mapazia mazito kabla jua halijatua.

Usisahau sufuria. Githeri ikishachemka vyema, itie pamoja na sufuria yake, ikiwa imefunikwa, ndani ya kapu lililosheheni matambara au blanketi kuukuu. Itaendelea kuiva bila moto, na kabla ya kula utaichemsha tena kidogo.

Lakini kuna jambo moja ambalo kila mzazi hana budi kulijua. Nyufa hizo zinazoleta baridi ndizo pia zinazotoa hewa chafu. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Hiyo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu, na aliyelala huweza kufa bila kuamka. Kadiri unavyoiziba nyumba ndivyo hatari inavyozidi.

Kwa hivyo, matundu ya hewa ambayo fundi aliyaacha ukutani, yaache wazi. Ukiwasha jiko la makaa, fungua dirisha. Wakati wa kulala ukifika, litoe nje kabisa, hata kama makaa yanaonekana kuwa majivu, na uyategemee mablanketi. Mtu akipatwa na kichwa kuuma, kizunguzungu au kichefuchefu karibu na jiko, mtoe nje upesi apate hewa safi, kisha mpeleke hospitalini.