Zebaki Katika Karai la Shangazi

Maji ni uhai, twaambiwa tangu utotoni. Nami nililelewa Homa Bay nikiamini kwamba maji yakishachemshwa, hatari imekwisha. Imani hiyo ilivunjika Nyatike, Kaunti ya Migori, karibu na Macalder, ambako shangazi yangu huchenjua dhahabu.

Nilimkuta ameinamia karai, akiukanda mchanga uliosagwa kwa mikono mitupu. Humo alidondosha matone meupe yang'aayo, yakakimbiana kama ushanga uliokatika uzi. "Yath," aliniambia, yaani dawa. Matone hayo hunasa chembe za dhahabu. Donge lipatikanalo hukamuliwa kitambaani, kisha huchomwa juu ya makaa hadi dhahabu ibaki. Mvuke huingia mapafuni, na masalio humwagwa pamoja na maji machafu.

Dawa hiyo mimi naijua kwa jina la kamusini: zebaki. Moto huua vijidudu vya maji, lakini zebaki ni metali, haiuliki. Ikitua kwenye tope la mto, bakteria huigeuza kuwa sumu kali zaidi, ambayo hujilimbikiza mwilini mwa samaki. Mto Migori huungana na Kuja, na Kuja humwaga maji yake katika Ziwa Viktoria, lile lile tunalolichota na kulivua sisi wa Homa Bay. Ziwa halijui mipaka ya kaunti. Waama, ulimwengu ulikwisha kuonywa: mwaka 1956, huko Minamata nchini Japani, uligunduliwa ugonjwa wa neva miongoni mwa watu waliokula samaki wenye zebaki iliyotoka kiwandani. Mkataba wa kimataifa wenye jina la mji huo ulianza kutumika mwaka 2017.

"Shangazi," nilisema hatimaye, "hii si yath. Ni kwiri." Kwiri ni sumu.

Alinitazama kwa muda, mikono ingali karaini. "Kwiri iliyokusomesha, mwanangu?"

Ulimi ulinigandama. Ada yangu ya shule ya upili ilitoka katika karai lile.

Sikumkanya tena siku ile. Niliketi kando yake, nikamweleza kwa Dholuo safari ya tone moja kutoka karaini hadi sahanini mwetu. Alisikiliza, kisha akalihamisha jiko la kuchomea mbali na watoto. Karai hakuliacha, angekula nini?

Wanachama wenzangu, twajivunia kusanifu istilahi. Je, zebaki itabaki kamusini hadi lini, ilhali mtoni ingali ikiitwa dawa?