Mti wa Pambo katika Nchi ya Mashamba Madogo

Wako watu wasemao kwamba mti usiozaa tunda la kuliwa hauna haki ya kupewa ardhi. Usemi huu tumeusikia mara nyingi katika vilima vya Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, ambako ndiko tulikozaliwa na ndiko tunakofundisha, wala hatuwezi kuudharau. Huku kwetu shamba la baba hugawanywa kwa wana, na la wana kwa wajukuu, hata mtu akajikuta ana vipande vitatu vinne vilivyotawanyika juu ya vilima, kila kimoja kina upana wa matuta machache tu. Mahali kama hapa, mwenye kuotesha mti kwa ajili ya kuutazama sharti awe na hoja. Tumeona vema basi kuwaeleza walimu wenzetu habari za mti mmoja wa namna hiyo, uliosimama uani petu kwa zaidi ya miaka 50, ili nao wapime wenyewe kama unastahili mahali pake.

Mti wenyewe ni msaipresi. Hatuna budi kuanza na jina, maana mwalimu wa Kiswahili hawezi kupita juu ya jina bila kulitazama. Wako wauitao mvinje. Lakini mvinje wa pwani, uotao mchangani karibu na bahari, si wa ukoo huu hata kidogo, ijapokuwa umbo lake humdanganya mtu atazamaye kwa mbali. Wengine husema msonobari. Lakini msonobari una majani marefu kama sindano, hali msaipresi una majani madogo mno yaliyolala juu ya kijiti mfano wa magamba ya samaki. Wafasiri wa Biblia walitumia neno mberoshi, lenye asili ya Kiebrania, nalo ni neno zuri, ila halikutoka kanisani likafika bustanini. Wataalamu huuita Cupressus lusitanica, yaani msaipresi wa Lusitania, na Lusitania ni jina la kale la nchi ya Ureno. Hata jina hilo limepotea njia, kwa kuwa asili ya mti huu ni milima ya Mexico na Amerika ya Kati. Bwana bustani wa Kiingereza, Philip Miller, aliyeupa jina hilo mwaka 1768, aliujua kwa miti iliyokuwa imekwisha kuoteshwa Ureno, akaupa uraia wa huko. Basi sisi tunaouita msaipresi hatujakosea kuliko yeye.

Marehemu baba yetu, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, alipanda misaipresi mitatu mwaka 1972. Miwili aliipanda mpakani mwa shamba, akaiacha ikue ipendavyo. Wa tatu aliupanda uani, hatua nane kutoka mlangoni, akasema, "Huu ni wa macho." Tulikuwa wadogo, lakini tunakumbuka utaratibu wake, nao ndio tunaoufuata hata leo tunapowaoteshea majirani. Mbegu hutolewa katika koni, yaani kile kitunda kigumu cha mviringo kinacholingana na gololi. Koni huchukua kama miaka miwili kukomaa. Iliyo ya kijani haifai. Huchumwa iliyogeuka rangi ya udongo, ikaanikwa juani mpaka ikapasuka yenyewe. Mbegu husiwa katika mchanga uliochanganywa na udongo mlaini wa msituni, zikafunikwa kidogo tu, na kitalu kikawekewa kivuli chepesi. Mche ukifika kimo cha shubiri moja na nusu huhamishwa pamoja na udongo wake, mwanzoni mwa mvua za Machi au za Septemba. Mizizi ya mti huu haipendi kusumbuliwa, na kadiri mche unavyokawia kitaluni ndivyo unavyozidi kuchukia kuhama. Mahali pake pawe na jua, wala pasituame maji. Kwa miaka miwili ya kwanza nyasi zilizouzunguka zipaliliwe, ili mche usigombee maji na magugu.

Watu husifu mti huu kwa kuwa ni wa kijani daima, wakadhani maana yake ni kwamba haupukutishi majani. Sivyo. Ukiyafunua matawi yake kwa mikono miwili utaona kwamba ndani ni kukavu, rangi ya tumbaku, na chini ya shina pamelala majani makavu kama zulia. Majani ya ndani hufa kwa kukosa mwanga, na mapya huzaliwa nje. Ule ukijani unaosifiwa ni ngozi nyembamba tu juu ya mti, nayo hudumu kwa sababu kila msimu hufanywa upya.

Hapo ndipo ilipo siri yote ya kuutunza. Mpera ukikatwa huchipua, mbuni huchipua, na mkaratusi huchipua hata mwenyewe akachoka nao. Msaipresi haufanyi hivyo. Tawi likikatwa kupita mpaka wa kijani, likafikiwa lile eneo kavu la ndani, pale mahali hubaki uchi maisha yote. Tunakumbuka ua mmoja wa misaipresi mjini, ambao wenye nao waliuacha miaka saba bila kuugusa, kisha wakaleta vibarua wenye mapanga, wakaurudisha nyuma kwa siku moja. Ua huo haukupona. Ulisimama kama safu ya mifupa hata ukang'olewa. Baba yeye aliupunguza mti wake mara mbili kwa mwaka, kila mvua zilipokoma, kwa mkasi wa bustani, akiondoa machipukizi mapya tu, yasiyozidi urefu wa kidole. Tena alihakikisha kwamba chini ni kupana kuliko juu, kama kanzu ilivyo, ili jua lifike mpaka matawi ya chini yasife. Kwa kazi hiyo ndogo isiyokatika, mti ambao kwa tabia yake hupita mita 30 ulikaa katika kimo cha mita nne.

Kisha yakaja maradhi. Mwaka 1986 walionekana nchini Malawi vidukari wa msaipresi, wadudu wageni katika sehemu hizi za Afrika. Katika miaka michache wakaenea Tanzania, Burundi, Rwanda na Uganda, na kufikia mwaka 1990 walikuwa wamekwisha kuingia Kenya. Wadudu hawa wa rangi ya kahawia hukaa kwa makundi juu ya vijiti wakifyonza utomvu, na mate yao yana sumu ambayo hukausha kijiti. Maji matamu wayatoayo huwavuta sisimizi na kuotesha ukungu mweusi mfano wa masizi. Msimu wao mbaya ni kiangazi, mti unapokuwa umepungukiwa na maji. Baba aliwagundua kwa sababu ya sisimizi, waliokuwa wakipanda shinani kwa safu. Akakata vijiti vilivyoshikwa, akavichoma moto, na jioni baada ya jioni akauosha mti kwa maji yenye sabuni kidogo. Mti ukapona, ila upande wa mashariki ulikufa sehemu yenye ukubwa wa mlango, na pengo hilo lipo mpaka leo. Mwaka 1994 watafiti waliachia Malawi nyigu mdogo sana aitwaye Pauesia juniperorum, atagaye yai ndani ya mwili wa kidukari na hivyo kumwua; baadaye alipelekwa nchi nyingine za jirani. Vidukari hawakutoweka, lakini hatuoni tena misitu mizima ya misaipresi ikigeuka rangi ya kutu kama tulivyoiona wakati ule.

Baba alifariki dunia mwaka 2003. Mwaka uliofuata tulikaa baraza la kugawana shamba, na kaka yetu mkubwa akaomba misaipresi yote mitatu ikatwe. Hakusema kwa uchoyo. Binti yake alikuwa amepata nafasi katika shule ya sekondari, na ada haikuwapo. Mbao za msaipresi ni nyepesi, hazina taabu kwa seremala, na soko lake halikosekani. Tungemjibu nini? Tungemwambia kwamba mti wa macho una thamani kuliko kitabu cha mtoto? Tulikubali. Fundi wa mbao alipokuja, aliipima ile miwili ya mpakani kwa furaha, maana ilikuwa imenyooka kama nguzo. Alipofika uani aliuzunguka ule wa tatu, akacheka. Mti uliopunguzwa kwa mkasi miaka thelathini, alisema, ni mafundo matupu. Hauwezi kutoa hata ubao mmoja. Basi miwili ikaenda ikalipa ada ya miaka ya mwanzo, na wa tatu ukaokolewa na kutofaa kwake. Binti yule leo ni mwuguzi, na hatujapata kuijutia ile miwili.

Lakini mama yetu hakuridhika hata kidogo. Tuta lake la maharagwe lilikuwa nyuma ya mti, na kila mwaka mistari miwili iliyo karibu ilitoa mimea dhaifu ya manjano. "Wanangu," alituambia, "baba yenu aliniachia mgeni anayekula kwangu asinipe hata jani la kupikia." Alikuwa akisema kweli. Mizizi ya msaipresi hutambaa karibu na uso wa ardhi, ikanywa maji kabla ya maharagwe. Hatukumjibu kwa maneno. Tulichimba mtaro wa kina cha goti kati ya mti na tuta, tukaikata mizizi iliyokuwa imevuka, na tangu hapo twauchimbua upya kila mwaka kabla ya kupanda. Maharagwe yamepata nafuu, ijapokuwa mstari wa kwanza bado hauna nguvu. Matawi tuyakatayo hayatupwi: yakikauka huwashia moto, na yale ya Desemba huenda kanisani na katika nyumba za majirani kwa pambo la Krismasi. Mama huketi kivulini mwake akichambua maharagwe, na akiulizwa hujibu kwamba ameketi pale kwa sababu ya jua, si kwa sababu ya mti.

Tumeyafikiri sana maneno yake. Hatudai kwamba pambo lishinde chakula, wala hatumshauri mtu mwenye tuta moja apande msaipresi juu yake. Tunalosema ni hili: penye ardhi chache, uzuri nao una kodi yake, na kodi hiyo hulipwa kwa mikono. Mwenye kupanda mti wa macho akauacha ujiendee, huyo kwa kweli amewapokonya wenzake. Kivuli chake kitaangukia shamba la jirani na mizizi yake itaingia katika chungu cha mama yake. Bali aushikaye mkasi mara mbili kwa mwaka na jembe mara moja, akaulinda mti usivuke mpaka wake, huyo amelipa, na hakuna awezaye kumwambia kwamba macho yake hayana haki ya kupata kitu kidogo katika shamba ambalo tumbo limepewa lote lililobaki.

Wenzetu wa Rwanda, Burundi na Kongo, ambako mti huu nao umeota katika viwanja vya shule na makanisa, tungependa watuandikie kupitia jarida hili. Kwanza, watueleze wanafunzi wao wanauitaje kwa Kiswahili, ili tulinganishe majina. Pili, kama wameona mmea wa chakula unaovumilia kukaa jirani na mizizi yake, watutajie. Mama yetu angali anangoja jibu la swali hilo la pili, naye si mtu wa kusahau.